Furu Walimwona Kwanza

Chubwi.

Mara moja tu. Sauti ya kitu kizito kikitumbukia kwenye maji mengi, kisha kimya, kile kimya cha Buhongwa ambapo mbwa wa jirani wamechoka kubweka na malori ya Shinyanga yamepungua barabarani. Modesta alifumbua macho. Akasubiri sauti ya pili. Haikuja. Nyumba ya baba yake haikuwa na kisima. Ndoo za maji zilikuwa jikoni na mifuniko yake juu, na ziwa lilikuwa mbali, nyuma ya vilima vya mawe.

Akageuka kumtazama mtoto.

Mtoto alikuwa macho, wala hakulia. Kwa mtoto aliyekuwa akilia mfululizo tangu kitovu kilipodondoka, utulivu huo ulimtisha mama yake kuliko kelele. Modesta aliwasha tochi ya simu, akaielekeza ukutani ili mwanga usimchome. Mboni za mtoto zilikuwa zinakwenda. Taratibu kushoto, taratibu, kama zinamsindikiza mtu anayepita kando ya kitanda. Halafu ghafla zinaruka kurudi kulia. Kisha taratibu tena kushoto.

Modesta aliujua mwendo ule. Ndio aliousomea, ndio uliomlipia pango. Jicho haliendi hivyo kwa kupenda. Huenda hivyo pale tu kitu kinapopita mbele yake, kinapita na kupita na kupita, bila kusimama.

Akatazama kushoto. Palikuwa na ukuta, na kanga kwenye msumari, na harufu ya moshi wa kuni, katika nyumba iliyokuwa ikipika kwa gesi.

* * *

Alikuwa amekuja kwa wazazi wake kwa ajili ya uzazi wa kwanza, kama mabinti wengi wanavyofanya, kwa kuwa mumewe Revocatus alikuwa kikazi Kigoma. Kwenye kadi ya kliniki mtoto aliandikwa Gladness. Lakini mtoto alilikataa jina hilo kwa koo lake lote, asubuhi na jioni, mpaka mama yake Modesta, Bi Suzana, akasema lile ambalo kila jirani alikuwa amekwisha kulisema nyuma ya ukuta.

"Huyu analilia jina."

Usukumani mtoto anayelia bila ugonjwa husemwa kwamba anadai jina la mtu wa ukoo aliyetangulia. Wakubwa hukaa chini wakayataja majina, moja baada ya jingine, na likitajwa lake, mtoto hunyamaza. Suzana alimpakata mjukuu mkekani, akaanza na upande wake mwenyewe.

"Kabula? Si Kabula. Holo? Ngolo? Mama yangu mdogo Minza, ndiye wewe?"

Mtoto alilia mpaka akakauka sauti.

"Sasa upande wa baba yangu," Modesta alisema. "Bibi mzaa baba aliitwa nani?"

Suzana alitupa jicho sebuleni, ambako mumewe, Mzee Mashimba, alikuwa na redio yake. Akashusha sauti. "Maziwa yanachemka, mwanangu. Nishikie mtoto."

Jikoni hapakuwa na maziwa yoyote mekoni.

Modesta hakushangaa. Alikulia ndani ya shimo lile la ukimya. Bibi alikufa zamani, basi, nukta. Hapakuwa na picha yake wala kaburi, na hakuna aliyewahi kumwambia mtoto yeyote wa nyumba hiyo kwamba anafanana naye. Siku moja akiwa shule ya msingi mwalimu aliwaambia wachore mti wa ukoo, na baba yake akachukua penseli, akaikata nafasi ya bibi kwa mistari miwili, akarudisha karatasi.

Baada ya usiku wa ile sauti, mtoto aliacha kulia kabisa. Macho yake tu ndiyo yaliyokuwa yakienda. Hospitalini walimpiga picha ya kichwa wakasema ubongo ni mzima, macho ni mazima. Lakini mtoto ambaye macho yake hayatulii halali, na asiyelala hanyonyi, na mashavu yakaanza kunywea kama embe lililosahaulika juani. Daktari, kijana mpole, alimwita Modesta pembeni. "Dada, sikufichi. Akiendelea hivi wiki hii na ijayo, tutampoteza."

Modesta alimfunga mtoto mgongoni, na hakurudi Buhongwa. Alikwenda kazini.

* * *

Maabara ilikuwa Nyegezi, chumba kirefu chenye madirisha ya kulitazama ziwa, na matangi ya furu kila upande. Furu ni samaki mdogo wa Ziwa Viktoria ambaye watu wengi humwona kwenye sufuria tu. Modesta alimwona tofauti. Kila jaribio alimweka furu mmoja ndani ya kisanduku cha kioo, akambana kwa sponji laini ili mwili utulie na macho yabaki huru. Kuzunguka kisanduku kulikuwa na pipa lenye mistari myeupe na myeusi, linalozungushwa na mota. Pipa likizunguka, jicho la furu hufuata mstari taratibu, likifika mwisho linaruka kurudi na kushika mstari mwingine. Kamera huandika kila kitu. Samaki hana hiari katika jambo hilo. Kwa njia hiyo Modesta aliuliza maswali ya ubongo, na samaki akajibu kweli tupu.

"Aha! Umeleta mfanyakazi mpya?" alisema Khalidi, fundi wa maabara. "Mwambie mapema, humu hatutoi posho." Kisha akauona uso wa mtoto, na utani ukamkauka mdomoni. "Dada Modesta. Ana nini?"

"Nataka kulinganisha macho yake na ya furu. Niwekee mmoja."

Waliwasha pipa. Jicho la furu lilifuata mistari, likaruka, likafuata tena. Kwenye kompyuta ulichorwa mstari wenye meno kama ya msumeno. Modesta alimtazama mtoto aliyekuwa amelala chali mezani. Mwendo ulikuwa uleule.

"Zima mota," alisema.

Khalidi akazima. Pipa likasimama.

Jicho la furu halikusimama.

"Zima, Khalidi."

"Nimezima, dada. Waya huu hapa, nimeuchomoa."

Waliitazama kompyuta, na meno ya msumeno yakaendelea kuchorwa, na Khalidi akaenda kwenye tangi la kwanza ambalo halikuwa na pipa wala mistari, akainama, akarudi nyuma. Akaenda la pili, akarudi nyuma. Na kote ilikuwa hivyo hivyo, furu wametulia katikati ya maji kama waliotundikwa kwa uzi, mapezi hayapigi, vinywa haviendi, macho tu, macho yote ya chumba kizima yakienda pamoja taratibu kuelekea upande mmoja na kuruka pamoja kurudi, kama darasa linalomfuata kwa macho mwalimu anayezungukazunguka kati ya madawati, isipokuwa kati ya matangi yale hapakuwa na mtu, kulikuwa na sakafu tu, na juu ya sakafu, kutoka mlangoni hadi kwenye meza ya mtoto, na kutoka meza ya mtoto kuzunguka na kurudi, kulikuwa na ukanda wa unyevu uliokuwa ukinuka moshi.

"Audhubillahi," Khalidi alinong'ona. Midomo yake iliendelea kusoma bila sauti. Alipomaliza alisema polepole, "Dada, majini wapo. Mimi hilo sibishi, limo kwenye Kitabu. Tutoke."

"Wewe toka. Mimi nabaki."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu lingetaka kumuua lingemuua pale Buhongwa. Linazunguka. Kitu kinachozunguka kinatafuta." Akaukemea ukanda ule wa maji, kwa nguvu, kama anayemkaripia mpangaji mkorofi: "Unatafuta nini kwa mwanangu? Sema! Mimi sikimbii!"

Kwenye matangi yote macho yalisimama. Kwa muda mfupi yalimwelekea yeye. Kisha yakaanza tena safari yake.

Khalidi hakutoka.

* * *

"Ni hao samaki," alisema Mzee Mashimba jioni ile, baada ya kuhadithiwa. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono mikubwa ya mkulima wa pamba wa zamani. "Nilikwambia. Vitu vya ziwani havichezewi. Umetoa jini majini ukalileta nyumbani kwangu. Kesho usiku anakuja mganga Chenge. Atalifukuza, na wewe kazi hiyo unaacha."

"Kazi siachi, baba."

"Unabishana na mimi?"

"Nabishana na wewe, baba. Shikamoo yako naitoa kila asubuhi, hiyo haijapungua. Lakini mtoto ni wangu." Modesta alimpandisha mtoto mgongoni. "Chenge aje. Ila aje mchana. Kama lipo usiku, lipo na mchana, na kamera yangu inataka mwanga. Na furu mmoja atakuwepo."

Mashimba alicheka bila furaha. "Samaki awe shahidi?"

"Ndiyo. Hajui kuficha."

Suzana alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi.

* * *

Mganga Chenge alifika kwa bodaboda, amevaa koti la suti na kandambili, simu ikiita mfukoni. Aliamkiana na watu vizuri, akamtazama mtoto kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Alipoona kisanduku cha kioo juu ya stuli katikati ya sebule, na kompyuta pembeni, na Khalidi akihakikisha kwa pima maji ya waashi kwamba stuli imelala sawa, alikuna shingo.

"Mwenzangu, na wewe ni mganga?"

"Fundi tu, mzee wangu."

"Basi kila mtu na vifaa vyake." Akakunja miguu mkekani, akawasha ubani kwenye kigae. "Nitafanya kama ninavyofanya siku zote. Kwanza namwita. Pili namuuliza jina. Tatu namuuliza anataka nini. Akishasema, tunapatana naye, anaondoka."

"Jina usimuulize," alisema Mashimba.

Mkono wa Chenge ulisimama juu ya kigae. "Unasemaje?"

"Mfukuze tu. Jina la nini?"

Chenge alimtazama mwenye nyumba kwa makini, kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Mzee Mashimba, nimeitwa nyumba nyingi, hapa na Nyakato na visiwani. Watu wote huniuliza jambo moja: huyu ni nani? Sijawahi kuombwa nisimuulize." Akauweka ubani chini. "Mtu asiyetaka kusikia jina ni yule anayelijua."

"Khalidi," Modesta aliita, "washa kamera."

Jicho la furu likajaa kwenye kompyuta, kubwa kama sahani, mboni nyeusi ndani ya duara la dhahabu. Likaanza kwenda. Modesta alimpakata mtoto akiutazama uso wake na kompyuta kwa zamu. Macho ya samaki na ya mtoto yalikwenda pamoja, taratibu, yakipita dirishani, yakipita kwa Chenge, yakipita mlangoni kwa Suzana, kisha yakatokea yale ambayo maabarani yalitokea mara moja tu, alipokemea: macho yalisimama. Yalisimama, yakakaa, ndipo yakaruka kurudi mwanzo. Duru ya pili yakasimama palepale. Ya tatu, palepale.

"Yanasimama kwa nani?" aliuliza Chenge.

Mtoto alikuwa anamtazama babu yake.

"Ni kiti," Mashimba alisema. "Ni mwanga wa dirisha kwenye kiti."

"Basi hama, baba. Kaa kule, kando ya kabati."

Alihama, kwa hasira, akakaa kando ya kabati. Macho yakazunguka. Yakakipita kiti kitupu. Yakasimama kando ya kabati.

"Hama tena."

"Sihami! Mimi si mwanao!" Lakini jasho lilikuwa likimtiririka kidevuni. "Chenge, nimekuita ufanye kazi!"

Harufu ya moshi ilizidi, si ya ubani, ya kuni mbichi, ya jiko la mafiga lililofungiwa ndani ya nyumba isiyo na dirisha, na Suzana akaanza kukohoa, na Khalidi akayafuta macho yake na kuyarudisha kwenye kompyuta, na ndipo aliposema, kwa sauti ndogo ambayo Modesta hakuwahi kuisikia kwake, "Dada, jicho linabingirika," na kweli duara lile la dhahabu lilikuwa limeacha kwenda pembeni, lilikuwa linageuka mahali pake kama gurudumu, taratibu, likizidi na kuzidi, vile wanavyogeuka macho furu wa Nyegezi pale kisanduku chao kinapoinuliwa upande wa mkia mpaka kichwa kikaelekea chini.

"Stuli imelala," Khalidi alisema. "Pima maji hii hapa. Imelala sawa kabisa."

"Linasema nini hilo jicho?" Chenge aliuliza.

Modesta alijibu kama anayesoma, kwa kuwa hakuthubutu kujibu vinginevyo. "Linasema mwili umeinamishwa. Kichwa chini. Mkia juu."

Mwiko ulianguka sakafuni.

"Walimshika miguu," alisema Suzana.

"Mama Modesta!" Mashimba aliinuka.

"Walimshika miguu, wakamwinamisha vile vile, kwenye mawe ya ziwani, kichwa majini." Suzana aliweka mkono ukutani ili asianguke. "Mimi nilikuwa mke mpya. Nilisikia. Chubwi, mara moja. Baada ya hapo hata hakupiga maji."

"Nyamaza!"

"Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi tu, Modesta. Alitupikia sote kwenye kibanda kisicho na dirisha, miaka yake yote. Wakasema mchawi, kwa kuwa macho mekundu. Watu wa kijiji walikuja na tochi, wakagonga. Na huyu aliwafungulia mlango wa mama yake."

Mikono mikubwa ya Mashimba ilikuwa ikining'inia. "Wangetuchoma sote," alisema, kwa sauti ya kijana. "Nilikuwa na miaka mingapi mimi? Wangetuchoma sote."

Kwenye mapaja ya Modesta mtoto alijinyoosha. Mboni zilipanda juu zikapotea, ukabaki weupe, na kifua kidogo kilichokuwa kikipanda na kushuka kikaacha. Modesta alimtikisa. Akampuliza usoni. Akamgeuza, akampiga mgongoni kwa kiganja. Midomo ya mtoto ilikuwa inabadilika rangi, na kwenye pembe zake yalikuwa yanatoka maji, maji safi, yenye harufu ya ziwa.

"Mfukuze!" Mashimba alipiga kelele. "Chenge, mfukuze sasa! Nitakupa chochote!"

"Mimi nafukuza wageni," alisema Chenge, naye alikuwa amesimama, akiukanyaga ubani kwa kandambili mpaka ukazimika. "Huyu si mgeni. Huyu amekuja kwake. Mtaje, mzee! Mjukuu wako anakufa, mtaje!"

Mashimba alifungua kinywa. Alikifunga. Akakifungua tena, na shingo yake ikatoka mishipa, na hakuna kilichotoka, kama mtu ambaye ulimi wake umekaa kimya kwa jambo moja muda mrefu mpaka umesahau njia. Akapiga magoti. Akatikisa kichwa.

Modesta aliinuka na mtoto wake. Hofu ilikuwa imempita, ikaenda mbele, ikamwacha na hasira peke yake. Hakuzungumza na baba yake. Alizungumza na nafasi tupu iliyokuwa mbele ya baba yake, pale ambapo zulia lilikuwa limelowa.

"Bibi! Mimi ndiye mama yake. Mtoto huyu sikupi! Unanisikia? Lakini na wewe hatukufukuzi. Kaa. Nyumba ni ya mwanao. Jina lako silijui, walininyima, ningelijua ningempa siku ile ile aliyozaliwa. Muulize anayelijua, lakini mwanangu mwachie pumzi yake!"

Kwenye kompyuta jicho la furu lilikuwa limebingirika mpaka mwisho wake, na lilikuwa linatetemeka.

Suzana alivuka sebule. Alimpita mumewe aliyepiga magoti, na mumewe akamshika pindo la kanga. "Suzana, usimwite. Ukimwita atakaa. Atakaa humu mpaka nife."

"Na akae," alisema Suzana. Alilivuta pindo lake kwa nguvu, kanga ikamfunguka begani, hakuiokota. "Nimekuogopa wewe tangu nikiwa mwali, na nikawaogopa wao, na wao wengi wameshazikwa. Leo sina wa kumwogopa."

Akamchukua mjukuu kutoka mikononi mwa Modesta. Akamwinua juu, mbele ya wote, kama mtoto anavyoinuliwa siku ya kutolewa nje. Akavuta pumzi ndani ya moshi ule, akakohoa, akavuta nyingine. Na alipofungua kinywa tu, kabla hata ya neno, Khalidi aliona jicho la dhahabu likisimama tuli, na Modesta akasikia pumzi nyembamba ikirudi kifuani kwa mwanawe, na watu wote waliokuwamo sebuleni, waliohesabika na asiyehesabika, wakamgeukia mwanamke yule mdogo wa umbo, mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye alisema kwa nguvu, ili hata majirani nyuma ya ukuta wasikie:

"Nyanzobe. Nyanzobe ng'wana Shigela."